Moto Peke Yake Hautoshi: Tulinde Chakula Kabla na Baada ya Kupika



Ukiingia katika jikoni yoyote ya vijiji vyetu na kumwuliza mama wa nyumba anafanya nini ili chakula kisiwadhuru watoto wake, atakujibu neno moja: "Nakichemsha." Maji tunachemsha, maziwa tunachemsha, githeri hukaa motoni nusu siku, na hata chakula kilicholala tunakirudisha jikoni asubuhi. Jibu hilo si baya. Sisi tunaofundisha usafi tumelihubiri kwa miaka mingi, na ni vizuri kwamba watu wamelishika.

Lakini kuna mambo ambayo moto hauwezi. Mtu akiuamini moto peke yake anaweza kuwalisha watu wake sumu huku sufuria inatokota mbele ya macho yake. Mimi mwenyewe nimejifunza hayo kwa aibu. Kwa hivyo nitaanza na kisa changu, halafu tuone la kufanya.

SIKU YA HARAMBEE

Miaka kadhaa iliyopita kikundi kimoja cha akina mama ninachokitembelea kilifanya harambee ya kununua tangi la maji. Wageni waliotarajiwa walikuwa kama mia moja. Ili kazi isiwalemee asubuhi, akina mama waliamua kupika isyo, yaani githeri, jioni ya kuamkia siku yenyewe, katika sufuria mbili kubwa. Mwenyekiti wao akaniuliza, "Mwalimu, tukipika leo hakitaharibika kweli?" Nikamjibu bila kufikiri sana, "Hapana mama, funikeni vizuri, halafu kesho mkichemshe sana. Kikichemka hakuna kijidudu kitakachobaki."

Wakafanya vile nilivyosema. Githeri ilipoiva ikatolewa motoni, ikakaangwa kwa vitunguu, na mama mmoja akaponda viazi kwa mkono akavichanganya humo. Mama huyo alikuwa na kidonda kidoleni, amekifunga kitambaa. Sufuria zikafunikwa zikaachwa jikoni, karibu na mafiga yaliyokuwa bado na joto, mpaka asubuhi. Asubuhi zikarudishwa motoni zikatokota sana. Wageni wakala saa saba mchana, na wengi wakasifu chakula.

Kufikia saa kumi watu wakaanza kutapika. Jua lilipotua, zaidi ya watu ishirini walikuwa wamelala chini ya miti wakishika matumbo. Watoto wawili na susu mmoja mzee walipelekwa zahanati wakatiwa maji ya mshipa. Tunamshukuru Mungu, hakuna aliyekufa.

Afisa wa afya alipokuja hakuuliza kama tulichemsha. Aliuliza maswali matatu tu: chakula kilipikwa saa ngapi, kililala wapi, na nani alikishika. Tulipomjibu akatueleza kwamba mtu akitapika saa chache tu baada ya kula, mara nyingi kilichomdhuru si bakteria wenyewe, ni sumu ambayo bakteria wameiacha katika chakula. "Bakteria mliwaua asubuhi," akasema, "lakini walikuwa wamefanya kazi usiku kucha."

Mwenyekiti hakunilaumu. Alinitazama tu. Tangu siku hiyo sijasema tena mbele ya watu kwamba ukichemsha umemaliza.

MOTO UNAWEZA NINI?

Tusije tukautupa moto. Bakteria wengi wanaoleta kuharisha, homa ya matumbo na kipindupindu hufa chakula kikipata joto la nyuzi 70 kila mahali, mpaka ndani. Kwa sisi tusio na kipimajoto alama ni hizi: mchuzi uchemke, nyama isiwe na wekundu ndani, kuku akitobolewa karibu na mfupa atoe maji meupe yasiyo na damu, na yai liwe gumu. Maziwa yachemshwe, maana maziwa mabichi yanaweza kuleta brusela, ile homa ya ng'ombe inayomwumiza mtu viungo kwa miezi. Maji ya kunywa nayo yachemke mpaka yabubujike, au yatiwe dawa ya klorini kama maandishi ya chupa yanavyoagiza.

Hiyo ndiyo kazi ya moto. Sasa tuangalie mambo matatu yanayoushinda.

JAMBO LA KWANZA: CHAKULA KILICHOLALA

Kuna bakteria mmoja aitwaye stafilokokasi. Huyu hakai mbali. Anaishi puani mwetu, kooni, kwenye ngozi, na zaidi sana kwenye vidonda na majipu. Mtu anayepiga chafya juu ya chakula, au anayekanda chakula kwa mkono wenye kidonda, anampandikiza humo. Akikuta chakula cha vuguvugu, anaanza kuzaana na kutoa sumu. Ukichemsha baadaye yeye atakufa, lakini sumu yake haiharibiwi na kuchemka. Ni kama mwizi aliyekamatwa baada ya kuuza ng'ombe: mwizi umempata, ng'ombe hayupo.

Mchele nao una bakteria wa aina yake. Mbegu zake hustahimili kupikwa, halafu wali ukiachwa na uvuguvugu zinaamka na kuzaana. Baadhi yao nao hutoa sumu isiyosikia moto. Ndiyo maana wali wa jana uliolala jikoni umewatapisha wengi, hata baada ya kupashwa moto.

Jambo hili huenda kwa haraka kuliko tunavyodhani. Mahali pazuri pa joto, bakteria mmoja anaweza kuwa wawili kwa dakika 20 hivi. Tupige hesabu:

- baada ya saa 1, mmoja amekuwa 8;
- baada ya saa 4, amekuwa zaidi ya 4,000;
- baada ya saa 8, amekuwa zaidi ya milioni 16.

Saa 8 ndiyo usiku mmoja wa kulala. Na wewe utaonja chakula hicho asubuhi usisikie uchachu wowote. Sumu hii haina harufu wala ladha.

Joto la hatari ni kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60. Kwa lugha ya jikoni, chakula kinachofuka mvuke hakina shida, na chakula kilicho baridi kama cha kwenye friji kinazaa bakteria polepole. Chakula cha vuguvugu ndicho adui. Sufuria kubwa iliyojaa na kufunikwa huweka uvuguvugu katikati yake usiku mzima, hata kama juu imepoa. Kwa hivyo lile tulilodhani ni kukitunza chakula, yaani kukifunika na kukiweka karibu na mafiga, lilikuwa kuwatandikia bakteria kitanda.

Basi tufanyeje, nasi wengi wetu hatuna friji?

1. Pika kiasi kitakachoisha. Hii ndiyo njia ya kwanza na haina gharama. Akina mama wengine hupika githeri ya siku tatu ili kuokoa kuni. Nawaelewa, kuni ni mbali na ni ghali. Lakini hesabu pia nauli ya zahanati na siku za shamba zinazopotea mtoto akiugua.

2. Okoa kuni kwa njia nyingine. Loweka mahindi na maharagwe usiku, yatawahi kuiva. Kikapu cha kuhifadhi joto, kile kinachoshonewa mito ya vitambaa ndani, huivisha na kuweka chakula moto kwa saa nyingi bila kuni. Lakini ukifungua ukakuta mvuke hautoki tena, kile chakula ni cha kuliwa hapo hapo, si cha kungojea wa kesho.

3. Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2 kikiwa vuguvugu. Kama baba au mtoto wa shule atachelewa, mwekee chake motoni mwa makaa au katika kikapu cha joto.

4. Ikiwa ni lazima chakula kilale, kipoze upesi. Kigawe katika sufuria ndogo au sinia pana, kisiwe kirefu kwenda chini, uweke katika karai la maji baridi, kisha ukifunike na kukiweka mahali penye baridi na hewa. Asubuhi kichemke chote huku ukikoroga, kiliwe mara moja, na kisipashwe mara ya pili. Hata hivyo bila friji njia hii hupunguza hatari tu, haiiondoi. Wali, nyama na chakula kilichochanganywa na maziwa nisingeshauri vilale kabisa. Watoto wadogo, mama mjamzito na wazee wapewe kilichopikwa siku hiyo.

5. Katika harambee, harusi na matanga, tayarisheni usiku bila kupika. Chagueni maharagwe, loweka mahindi, pasueni kuni, chotweni maji mfunike. Moto uwashwe saa tisa au saa kumi usiku. Wapishi wakae zamu, na mwenye kidonda, jipu, kikohozi au kuharisha apewe kazi nyingine, kama kupokea wageni. Hilo si kumdharau.

JAMBO LA PILI: SUMU ILIYOINGIA KABLA YA SUFURIA

Jambo hili sisi wa Ukambani hatuhitaji kuhadithiwa na mtu. Mwaka 2004, kati ya Januari na Julai, watu 317 waliugua katika wilaya za Makueni, Kitui, Machakos na Thika, kama zilivyoitwa wakati ule. Waliokufa walikuwa 125. Macho yaligeuka manjano, matumbo yakavimba, na ini likashindwa kufanya kazi. Wengine walidhani ni laana, wengine wakasema ni homa mpya. Kumbe ilikuwa ni mahindi ya nyumbani.

Nyakati za mavuno mvua ilikuwa imenyesha bila kutazamiwa. Mahindi yalivunwa na unyevu, yakawekwa ndani ya nyumba kabla ya kukauka, na kuvu ikaota. Kuvu hiyo hutoa sumu iitwayo aflatoksini, ambayo wengine huiita sumukuvu. Wakati ule kipimo kilichoruhusiwa kilikuwa sehemu 20 za sumu katika kila sehemu bilioni moja za mahindi. Mahindi mengine yalikutwa na sehemu 4,400, yaani mara 220. Leo kipimo cha Kenya ni sehemu 10 tu. Wala 2004 haikuwa mara ya kwanza, kwa maana mwaka 1981 huko Machakos watu 20 walilazwa hospitalini kwa sumu hiyo hiyo, na 12 kati yao wakafa.

Sasa, wapendwa, fikirini jambo hili. Watu wale hawakutafuna mahindi mabichi. Ugali ulisongwa ukaiva, muthokoi ulichemshwa saa nyingi, na uji ulitokota. Moto ulifanya kazi yake yote, lakini sumu ile haiondolewi na moto wa jikoni. Haiondoki kwa kuosha, kuchoma, kukaanga wala kusaga. Kukoboa huipunguza, kwa sababu sehemu yake kubwa hukaa kwenye maganda na kiini, lakini hakuimalizi. Hata kuipikia pombe hakuiondoi.

Tena si lazima mtu afe mwezi huo huo. Anayekula sumu hii kidogo kidogo kwa miaka anaweza kupata saratani ya ini, na aliye na ugonjwa wa ini wa hepatitisi B yuko katika hatari kubwa zaidi.

Kwa hivyo usalama wa ugali unaanza shambani:

1. Vuna mahindi yakikauka, usiyaache yaanguke chini. Kuvu hii inakaa udongoni.

2. Usiyarundike yakiwa na unyevu, hata kwa usiku mmoja. Rundo hupata joto, na joto na unyevu ndivyo kuvu inavyotaka.

3. Anika juu ya turubai au mkeka, kamwe si juu ya udongo mtupu. Jioni au wingu likitanda, kunja turubai pamoja na mahindi yako.

4. Usiyapige kwa nguvu gunia likipasuka na punje zikivunjika. Punje iliyovunjika au kutobolewa na dumuzi ni mlango wa kuvu.

5. Pima ukavu kwa chumvi. Chukua chupa safi iliyokauka kabisa, weka punje za mahindi mpaka robo yake, ongeza vijiko viwili vya chumvi kavu, funga kizibo na utikise kwa dakika moja. Iache dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye ukuta wa chupa, mahindi bado yana maji, yarudishe juani. Isipoganda, unyevu umeshuka chini ya asilimia 15. Hata hapo uyaongezee siku moja au mbili za jua, kwa maana kiasi kizuri cha kuhifadhi ni asilimia 13.5.

6. Weka magunia juu ya mbao, mbali na ukuta na mahali paezeko panapovuja. Mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa ni mizuri, lakini itiwe mahindi makavu tu.

7. Chagua kabla ya kwenda posho mill. Ondoa punje zenye rangi ya kijani, nyeusi au zilizokunjamana, na zile zilizotobolewa. Mara nyingi sumu nyingi imo ndani ya punje chache. Lakini ujue kwamba mahindi yanaweza kuwa na sumu na yasionyeshe kuvu. Kuchagua kunasaidia sana, hakumalizi.

Msidhani wanaonunua unga dukani wako salama bila kuangalia. Mwezi wa Novemba 2019 shirika la kusimamia viwango vya bidhaa lilipiga marufuku aina 5 za unga wa mahindi kwa sababu ya sumu hii.

Na mahindi yaliyooza yaende wapi? Wengi husema, "Nitawapa ng'ombe." Ng'ombe akila sumu, sehemu yake inatoka katika maziwa, na kuchemsha maziwa hakuiondoi. Kuku nao wataugua. Usimwuzie jirani wala mgeni sokoni, maana mtoto wa mtu mwingine naye ni mtoto. Mahindi hayo yachomwe au yafukiwe mbali na mifugo.

JAMBO LA TATU: UCHAFU UNAOINGIA BAADA YA MOTO

Moto unaua vilivyo ndani ya sufuria wakati ule. Haulindi chakula kikishapakuliwa. Ukipika kuku vizuri, ukamkatia juu ya kibao kile kile ulichomkatia akiwa mbichi, umemrudishia uchafu wote. Ukichemsha maji halafu mtoto akatumbukiza kikombe na mkono wake, kuni zako zimekwenda bure.

Hapa sisemi mengi, kwa kuwa mengi tunayajua, ila hatuyafanyi:

- Mikono ioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kabla ya kupika, kabla ya kula, kabla ya kumlisha mtoto, baada ya choo, na baada ya kumsafisha mtoto. Sabuni ikiisha, jivu linafaa. Kibuyu chirizi kimoja kiwe karibu na choo na kingine karibu na jikoni. Ni mtungi mdogo wa plastiki, kamba na kijiti cha kukanyaga, basi.

- Nyama mbichi na kuku viwe na kibao na kisu chao. Ukiwa na kimoja tu, kata kwanza mboga, nyama iwe ya mwisho, kisha uoshe kwa sabuni na maji moto.

- Maji yaliyochemshwa yakae katika chombo chenye mfuniko na mfereji, au yachotwe kwa kata yenye mkono mrefu.

- Vyombo vikauke juani juu ya kichanja. Kile kitambaa kimoja kinachofuta meza, sufuria na pua ya mtoto kinaeneza uchafu kuliko kuuondoa.

- Chakula kifunikwe dhidi ya nzi. Nzi hana njia mbili, alikuwa chooni na sasa yuko kwenye uji.

MTU AKIUGUA

Anayeharisha au kutapika apewe maji mengi mapema. Paketi ya maji ya chumvichumvi kutoka zahanati ndiyo bora. Ikikosekana, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha bila kilima. Chumvi isizidi. Anywe kidogo kidogo. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya, na anayekula aendelee kula. Zahanati pia humpa mtoto vidonge vya zinki, navyo vimalizwe hata kama ameacha kuharisha.

Usingoje nyumbani ukiona damu katika choo, macho yaliyodidimia, mtoto asiyeweza kunywa au anayetapika kila kitu, kulegea, au homa kali. Macho ya manjano au tumbo kuvimba ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo, na mbebe mfuko mdogo wa mahindi mnayokula nyumbani.

Watu wengi wakiugua baada ya chakula kimoja, mwambieni mhudumu wa afya ya jamii upesi. Chakula kilichobaki msikimwage. Kifungeni mbali na watoto na mbwa mpaka kichunguzwe.

SWALI GUMU LA MAMA MMOJA

Nilipokuwa nikifundisha mambo haya katika kikundi kingine, mama mmoja aliinuka akaniuliza, "Mwalimu, nina gunia moja tu. Nusu yake imeingia maji. Unaniambia nilitupe watoto walale njaa?"

Watu wakanyamaza. Mimi pia nilinyamaza, kwa sababu ni rahisi mtu mwenye mshahara kumwambia mwenzake atupe chakula. Tena ninaamini kwamba mwaka 2004 wengi wangetupa mahindi yale kama wangekuwa na mengine.

Aliyejibu alikuwa mzee mmoja, mweka hazina wa kikundi. Alisema, "Mama hawezi kutupa gunia peke yake. Tutalitupa sisi sote." Akapiga hesabu mbele yetu. Wanachama walikuwa 30. Kila mmoja akitoa gorogoro mbili za mahindi makavu wakati wa mavuno, hizo ni gorogoro 60. Gorogoro moja ni kama kilo mbili, kwa hivyo ni kilo 120, yaani gunia la kilo 90 na zaidi. Mwanachama atakayepatwa na hasara kama hiyo ataleta mahindi mabovu, yachomwe mbele ya wote, naye apewe mazuri. Mwaka usipokuwa na hasara, mahindi yanauzwa kabla ya mavuno mapya na pesa zinanunua turubai.

Yule mama alichagua nusu yake kavu punje moja moja akisaidiwa na wenzake, na nusu yenye unyevu ikachomwa. Siku hiyo hiyo walichangiana debe mbili kwanza, hata kabla ya kuandika kanuni zozote. Leo kikundi hicho kina turubai tatu zinazozunguka kwa zamu, na chupa moja ya kupimia kwa chumvi inayokaa kwa katibu.

Hapo ndipo nilipoona kwamba chakula salama si kazi ya mama peke yake jikoni. Anayevuna, anayeanika, anayejenga ghala, anayechimba choo na anayepanga saa za kupika siku ya harambee, wote wana mkono wao katika sahani ya mtoto. Tuendelee kuwasha moto, lakini tusiutwike mzigo ambao ni wetu.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika nyumba zetu, ni chakula gani hulala mara nyingi? Kwa nini? Tunaweza kubadilisha nini?

2. Tulipofanya sherehe ya mwisho, chakula kilipikwa saa ngapi na kililiwa saa ngapi? Nani alikishika?

3. Mahindi yetu tunayaanika juu ya nini? Turubai moja ingehudumia nyumba ngapi?

4. Mwanachama akipoteza gunia leo kwa sababu ya kuvu, sisi tutamfanyia nini?

KAZI KABLA YA MKUTANO UJAO: Kila mwanachama apime mahindi yake kwa chupa na chumvi, na atengeneze kibuyu chirizi kimoja. Katibu aandike majibu. Tukutane tena tukiwa wazima.